Wadudu Wekundu wa Nyamuga

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumanne, 11 Februari 2025

Kwa kaka yangu Nashon,

Pokea salamu zangu wewe mwenyewe kwanza, kisha uwagawie Mama, wifi yangu Mourine na watoto wote, kuanzia yule anayekushinda urefu mpaka yule ambaye nasikia bado anakula udongo akidhani hamumwoni. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia Krismasi anaitumia, au ameiweka kabatini pamoja na zile nyingine? Na bado amening'iniza ile picha yangu ya gauni la njano juu ya kalenda ya kanisa? Sisi huku ni wazima. Kikohozi kimeniacha, watoto wanaenda shule, na omena ya mwezi huu imekuja na mchanga mwingi mpaka wateja wananiuliza kama nauza samaki au nauza ufuo.

Najua umeshangaa kuona bahasha mkononi mwa Obonyo, jirani yangu wa huku, wakati simu ninayo. Nimefikiria sana nikaona simu haitafaa. Kwenye simu wewe husikilizi mpaka mwisho. Ukikasirika unasema mtandao umekatika, na mtandao wenyewe unaukata wewe kwa kidole. Barua haikatiki. Unaweza kuitupa, lakini baadaye utainama uiokote, kwa maana nakujua, wewe ni mtu wa kutaka kujua mambo yaliishaje.

Jumapili ulinipigia ukaniambia bwawa la ng'ombe limebaki tope tupu, na akina mama wanatembea hadi mtoni kupita soko, wanatoka alfajiri na kurudi jua likiwa kichwani. Ukasema kijiji kinataka mawe yaondolewe Nyamuga. Kwa kuwa chemchemi iko katika shamba letu na mawe uliyaweka wewe, Jumamosi hii watu watakuja nyumbani kusikia neno lako. Ukasema hutafungua kinywa kilichommeza mtoto wako, ila mimi nikisema kifunguliwe utafungua, kwa sababu siku ile maji niliyachota mimi na najua nilichokiona. Nikakwambia wacha kwanza nifikirie. Ukauliza nafikiria nini, kisha mtandao ukakatika. Hii barua ndiyo jibu. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujasimama.

Nitaandika hata yale unayoyajua, maana nataka isomwe kwa sauti, Mama na Mourine wakiwa wamekaa. Ni miaka ishirini na miwili sasa. Marion, kifungua mimba wenu, alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Jumamosi jioni alilia kiu, Mama akachota kikombe kwenye mtungi akamnywesha. Mtungi ule niliujaza mimi. Jumapili akaanza kuhara, Jumatano akatuacha njiani kwenda zahanati. Watu walipouliza maji yametoka wapi, mimi nilisema Nyamuga. Alhamisi ukashuka bondeni, ukapiga magoti kwenye kijani kilichoota mwambani, ukaona vitone vyekundu vinatembea. Ulirudi ukasema umeona damu inayotembea kwa miguu yake. Kabla ya jua kutua chemchemi ilikuwa imejaa mawe. Tangu siku hiyo Mourine hajawahi kumwacha Mama ampe mtoto wake hata tone la maji, kwa sababu Mama ndiye aliyekuwa akiisafisha Nyamuga, na mkono wake ndio ulioshika kikombe. Hakuna anayelisema. Lakini kila nikija nyumbani naona watoto wanamkimbilia mama yao kuomba maji, hata bibi yao akiwa amekaa karibu na mtungi.

Sasa wacha nikueleze habari ya msichana wa beseni jeupe. Usikasirike ukiona nazunguka, nitafika.

Mwaka jana mwezi wa Agosti nilikuwa nimeteremka Gatwekera, pale mtaro mkubwa unapopita, kutafuta mtu wa kunirekebishia bati la kibanda. Nikakuta watu wamesimama wanamtazama msichana aliyevaa gambuti za mpira hadi magotini. Ameshika wavu wa kitambaa laini kama cha pazia, anauzamisha kwenye maji yale meusi, anaumwaga ndani ya beseni jeupe, kisha anainama na kidropa cha dawa ya macho. Mmoja akasema msichana ni wa kanjo, wale askari wa jiji, amekuja kupima tubomolewe. Mwingine akasema anatafuta dhahabu. Mama mmoja akasema ametumwa na kanisa kutafuta pa kubatizia, tukacheka wote, maana atakayebatizwa pale ataibuka na dhambi mpya.

Mimi na udaku ni chanda na pete, hilo unalijua. Nikamwuliza anatafuta nini. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba anatafuta utitiri. Nikamwambia utitiri uko kwa kuku wa jirani yangu, aje achukue bure. Hapo akacheka, akanyoosha mgongo, akaniambia kuna utitiri wa kuku na kuna utitiri wa maji. Huu wa maji ni mdogo kama punje ya wimbi, na macho yake yamechoka kuutafuta. Pale mtaroni hajapata hata mmoja. Akanionyesha beseni la pili alilotoka nalo Kawangware asubuhi, maji masafi yenye majani na mchanga, akasema humu amepata wanne. Nikachungulia. Nikamwambia, "Wanne? Huyo hapo wa tano. Na huyo chini ya jani. Na wale wawili wanafukuzana." Akaniangalia kama mtu aliyeona maiti ikipiga chafya. Akaniita mama kwa lugha ya vijana, "Mathe, umewaonaje?"

Kaka, nimechambua omena miaka kumi na saba. Kila asubuhi namwaga gunia juu ya turubai, natoa mawe, natoa konokono, natoa ochong'a, wale uduvi wadogo wa ziwani, nawauzia wenye kuku. Jicho langu haliangalii omena tena, linaona kile ambacho si omena. Sikujua kwamba hiyo ni elimu. Msichana alisema ni elimu, na kwamba pale chuoni wapo waliofunzwa kwa miaka ambao hawanifikii. Niliringa wiki nzima.

Jina lake ni Kalondu Ndeti, Mkamba wa Kitui, anaishi Kawangware 56 katika chumba kimoja juu ya saluni. Kwao maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, unachimba mpaka kiunoni ndipo uone unyevu. Alipokuja kusoma na kuona kwa mara ya kwanza maji yanatoka mwambani yenyewe, bila kuchimbwa wala kuombwa, alikaa akayatazama mpaka wenzake wakamwacha. Tangu hapo anataka kujua nani anaishi ndani yake. Aliniomba niwe namsaidia kuchambua, mara mbili kwa wiki kabla sijafungua kibanda, nikakubali kabla hajamaliza kuuliza.

Nyuma ya 56, ukipita maduka ya mabati na misumari, kuna bonde, na chini ya ploti za kupangisha kuna chemchemi ambayo upana wake haufiki jikoni kwako. Wanawake wanafulia chini yake. Juu, pale maji yanapochomoza kwenye jiwe lenye kijani, ndipo tulipokuwa tukichota. Tunaosha ule ukijani ndani ya wavu, tunamwaga kwenye beseni, tunasubiri maji yatulie. Mwanzoni huoni kitu. Halafu punje moja inaamua kutembea. Kalondu alinifundisha kutulia, nikamfundisha kutazama kando kidogo ya kile unachokitafuta, kama tunavyofanya na omena, kwa sababu ukikodoa macho kitu chenyewe kinajificha.

Tukiwapata tunawatia kwenye chupa zenye siki, glisirini na maji. Spiriti tupu inawakausha wanakuwa kama kokoto, miguu haionekani tena. Glisirini ilinunuliwa kwa yule wa saluni, siki dukani, na majirani wa Kalondu wanaamini mpaka leo kwamba tunatengeneza achari. Siku ya kwanza aliponiruhusu kutazama kwenye hadubini, ile mashine ya kukuza vitu, mashine za kukausha nywele zilikuwa zinanguruma chini mpaka meza inatikisika. Nikaona kitu cha mviringo, chekundu kama pilipili mbuzi, kimeota miguu minane yenye manyoya, na macho mawili madogo yananitazama. Nikaruka nyuma. Kisha nikarudi. Kalondu akaniwekea mwingine, huyo alikuwa wa kijani. Mwingine ana mgongo wenye mabaka kama kobe. Mwingine wa rangi ya anga. Aina kumi na mbili, Nashon, kwenye kijichemchemi ambacho watu wanakiruka kwa hatua moja! Nilitazama mpaka chai ikapoa, na wewe unajua ninavyochukia chai ya baridi.

Nikawa naota wadudu. Nilimwuliza Kalondu maswali mpaka akasema nijiandikishe chuo. Akaniambia mtoto wao akizaliwa ana miguu sita tu. Anaogelea kumtafuta mbu au kereng'ende anayetoka majini, anamshika, anapaa naye huku akimfyonza. Ni abiria asiyelipa nauli, na juu ya hayo anamla dereva. Mdudu yule akirudi majini kutaga, yeye anashuka, anakua, anaota miguu minane, anageuka mwindaji. Anakula mayai na viluwiluwi vya mbu. Nikauliza na huu wekundu ni wa nini, ni damu aliyoinywa? Nilimwuliza nikitazama pembeni. Akasema hapana, ni rangi yake mwenyewe, na wataalamu wanadhani ni onyo kwa samaki. Samaki akimla mwekundu anamtema, maana ni mchungu, na siku nyingine akiona nyekundu anapita zake. Nikauliza mtoto akimmeza je? Akacheka, akasema hajasoma popote kwamba utitiri huu umewahi kumdhuru mtu, na kwamba maji yakichafuka sana wao ndio hutangulia kufa. Niliinamisha kichwa kwenye beseni nikaendelea kuchambua. Usiku huo sikulala vizuri.

Sasa nafika kwenye aibu yangu, ile ndogo. Kubwa iko mbele.

Ule mtaro wa Gatwekera tuliupima mara sita. Mara zote sita hatukupata kitu, na Kalondu aliandika sifuri mara sita kwenye daftari lake. Nilimhurumia. Niliona anafanya kazi ngumu, gambuti linavuja, vijana wanamzomea, na chupa inarudi tupu. Kalondu alisema sifuri nayo ni habari, lakini mimi sikumwamini, nani atafurahia habari ya bure? Wewe unajua sisi wauza omena hatumpi mteja kopo lililokatwa sawasawa juu. Ukishajaza lazima uongeze kiganja, hata kidogo, ndipo mtu aondoke na moyo mzuri. Basi mara ya saba, alipogeuka kuosha wavu, nilichukua watatu wekundu kutoka chupa ya Kawangware nikawatia kwenye chupa ya Gatwekera. Niliwatia kama nyongeza, Kaka. Naapa sikudhani ni uongo.

Jioni akanipigia akipiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Utitiri wa chemchemi, ule usiojua kuogelea, unaotambaa tu kwenye kijani pale maji yanapochomoza, ameupata Gatwekera! Alisema maana yake ni kwamba mahali fulani chini ya takataka zile kuna chemchemi iliyo hai. Tayari amemwambia mwalimu wake. Nilifurahi kwamba amefurahi, nikalala fofofo. Siku ya tatu nikapita mtaroni nikamkuta jirani yangu wa sukuma wiki anasuuza majani yake kwenye ule mkono mdogo wa maji unaotoka chini ya ukuta. Nikamwuliza ana akili kweli. Akanijibu, "Si yule msichana wa chuo amesema hapa kuna wadudu wa maji safi? Wewe mwenyewe si unafanya na yeye?"

Niliacha kibanda wazi. Nilienda Kawangware kwa miguu kwa sababu sikutaka kufika haraka. Nilimkuta Kalondu amekaa juu ya ndoo yake, nikamwambia yote nikiwa mlangoni, bila hata kuingia. Hakunitukana. Chini wanasuka na kucheka, yeye akafungua daftari lake kwenye ukurasa wa Gatwekera, kisha akasema, "Mathe, hiyo si kuongeza. Hiyo ni kuharibu." Akampigia mwalimu wake mbele yangu akasema amekosea chupa, hakunitaja. Tukateremka pamoja hadi kwa mama wa sukuma, Kalondu akamweleza mwenyewe, na sukuma yote ya siku ile ikaenda kwa mbuzi.

Tuliporudi akanipa penseli na vikaratasi. Ndani ya kila chupa kuna kikaratasi kinachozama pamoja na wadudu, kimeandikwa kwa penseli kwa sababu wino unayeyuka. Kina mistari mitatu: maji ya wapi, tarehe gani, aliyechota nani. Siku zote alikuwa akiandika yeye. Akaniambia kuanzia sasa niandike mimi, kwa mkono wangu na jina langu. Akasema mdudu hawezi kukumbuka alikotoka, na hadubini haiwezi kumwuliza. Kikaratasi kikidanganya, kila kitu kinachofuata kinadanganya, hata kama kila anayefuata ni mkweli. Nikashika penseli nikaandika "aliyechota", na mkono ukakataa kuendelea. Kalondu akadhani nalia kwa ajili ya sukuma.

Ndipo nikamwambia habari ya Nyamuga. Nilimwambia nusu tu, habari ya wadudu na ya mawe. Macho yake yaliwaka. Akauliza kijani kilikuwa cha namna gani, maji yalikuwa baridi mwaka mzima, yale mawe ni makubwa au kokoto, maana huenda maji yamepata njia ya pembeni na wenyewe bado wapo. Akasema kama wekundu walikuwa wengi hivyo basi chemchemi ilikuwa na afya, na kuiziba kwa sababu yao ni kama kumfukuza mlinzi kwa sababu amevaa koti jekundu. Nikamwomba aniandikie hivyo kwenye karatasi ya chuo, na muhuri, nikutumie wewe. Nilitaka muhuri uongee badala yangu.

Akakataa, Nashon. Akasema mdudu si cheti cha daktari. Wekundu wanaweza kusema maji hayakuwa yamechafuka kupita kiasi, lakini viini vya kuharisha havionekani hata kwa macho yangu, na siku moja si sawa na nyingine. Hata leo mkiifungua, maji yapimwe na yachemshwe. Na kuhusu siku ile mtoto alipokunywa, yeye hajui, mwalimu wake hajui, na wadudu hawajui. Akasema anayejua ni mtu mmoja tu, aliyechota.

Basi huyo mtu ni mimi, na huu ndio ushahidi wangu.

Maji ya siku ile hayakuwa ya Nyamuga. Nilitumwa Nyamuga saa nane mchana, nikapita kando ya bwawa la ng'ombe. Palikuwa na mpiga picha kutoka sokoni, amewapanga wasichana mbele ya bwawa kwa sababu ya maua yaliyokuwa pale. Nilikuwa na gauni langu la njano la Krismasi. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sijawahi kupigwa picha peke yangu. Nilisubiri zamu yangu mpaka jua likaanza kuinama, nikaona nikishuka Nyamuga nitachelewa na nitachapwa. Nikajaza jerikani palepale, ng'ombe wa watu wakiwa wamesimama ndani hadi matumboni. Nikaziba kwa gunzi. Nikapigwa picha, nikaenda nyumbani, nikamimina mtungini kupitia leso ili matope yabaki. Mama alinishukuru kwa kufika mapema.

Nilipoulizwa nilisema Nyamuga kwa kuogopa fimbo. Sikujua bado kwamba Marion atakufa. Alipokufa, fimbo ilikuwa imekuwa kitu kingine ambacho sikukijua jina. Halafu ukawaona wekundu, na watu wote wakapata jibu, na mimi nikajificha nyuma ya wadudu wadogo kama punje ya wimbi kwa miaka ishirini na miwili. Ulipokuwa ukiziba nilikusaidia kubeba mawe. Wewe ulibeba makubwa, mimi nikabeba madogo.

Sisemi kwamba najua kilichomwua mtoto wako. Mimi si daktari. Lakini najua alichokunywa, na najua hakikutoka mikononi mwa Mama wala katika chemchemi yake. Usiniamini kwa maneno tu, maana nimeshawahi kukudanganya. Inuka uende chumbani kwa Mama, utazame ile picha iliyo juu ya kalenda. Mmeitazama miaka yote mkaona gauni. Tazama chini, miguuni pangu. Jerikani iko pale, imejaa, ina gunzi, na inadondosha maji. Nyuma yangu ni bwawa. Na kwenye kona, kwa zile tarakimu za rangi ya machungwa, mashine yenyewe imeandika tarehe. Mimi kila nikija nyumbani huketi nikiipa mgongo picha hiyo, na Mama hudhani sipendi nilivyokuwa mwembamba.

Umeniuliza kama Nyamuga ifunguliwe. Jibu langu ni ifunguliwe, na jiwe la kwanza alitoe Mama.

Obonyo anasafiri Alhamisi na hii barua, mimi nitapanda basi Ijumaa. Nimeitanguliza siku moja ili hasira yako ipate mahali pa kuanzia nisipokuwepo, na ili Mourine alie bila kunitazama. Jumamosi nitasema mbele ya watu haya haya niliyoyaandika. Ukinifungia lango sitalalamika. Nitapita kwa njia ya bondeni, nitakaa Nyamuga, nianze kutoa yale mawe madogo, hayo nayajua mojamoja. Pamoja na barua Obonyo atakupa kichupa. Ndani yake yuko mwekundu mmoja wa Kawangware, Kalondu amenipa kwa ajili yako. Mtazame mchana, kwenye jua, mkiwa na watoto. Ni mzuri kwa kweli.

Mwambie Mama kwamba nampenda, na kwamba nilipaswa kulisema hili kabla mgongo wake haujapinda. Mwambie Mourine sina neno la kumwambia ambalo linatosha, ila amwache Mama awape watoto maji. Wasalimie wote, na anayekula udongo mumzuie. Mungu awalinde mpaka tuonane, kama bado mtataka tuonane.

Nafunga barua kwa namna niliyofundishwa, kwa penseli, ili isiyeyuke:

Maji ya: bwawa la ng'ombe.
Tarehe: 4 Januari 2003.
Aliyechota: Akoth, dada yako.